Asili ya neno Maji Maji: usichapishe hizo fulana!

Mkuu, msimamishe huyo mchapaji leo hii. Umeuliza kama ni kweli vita viliitwa Maji Maji kwa sababu watu waligombea maji ya Mto Rufiji, maana kikundi chenu kinataka kwenda Nandete, kijiji cha Wamatumbi huko Kilwa, na fulana zenye maneno hayo. Si kweli hata kidogo. Fulana za namna hiyo ninazo mimi hapa Mtwara, mzigo mzima.

Kuna jamaa wa mjini anajiita mwongoza wageni. Ndiye aliyenijaza maneno hayo, akavuta chake, akanipa na kaulimbiu: "Walipigania Mto". Hela ya korosho ya msimu ikaishia kwa mchapaji, rangi mbili, mbele na nyuma. Tunashuka Nandete tumependeza kama timu ya Ligi Kuu, mzee mmoja akasogea, akanisoma kifuani taratibu kwa kidole, akauliza: "Mjukuu wangu, mto alituibia nani?" Wenzangu wakaanza kugeuza fulana ndani nje. Ningempata yule mwongozaji siku ile ningemvalisha zote kwa mpigo, na jua lile la Kilwa.

Maji ni dawa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji yenye mafuta ya nyonyo na mtama, wakaamini risasi za Mjerumani zitageuka maji. Wapiganaji walijifunga mabua ya mtama kwenye paji la uso. Waliosambaza dawa waliitwa hongo (ndiyo, hongo, usicheke). Ugomvi wenyewe ulikuwa pamba ya kulimishwa kwa nguvu: Julai 1905 Wamatumbi waliing'oa hapohapo Nandete. Kinjikitile akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini vita vikawafikia Wangindo, Wamwera na Wangoni, hadi 1907. Sasa mto umeingilia wapi?

Kabla hujatoa hata shilingi, maandishi yapelekwe kwa mzee wa Umatumbini ayasome. Ayasome yeye, siyo mpiga soga wa kijiwe cha kahawa stendi.

Zangu siku hizi wanavaa wabangua korosho. Mafuta ya maganda yameshakula neno "Mto", limebaki "Walipigania" tu, na hilo angalau si uongo.