Muulize Mzee wa Jezi: Msimu mmoja tu, namba 10 ifungiwe?

*Shikamoo Mzee. Mimi ni katibu wa timu yetu ya mtaa hapa Muheza. Tuna kijana ana miaka 18, kacheza kwetu msimu mmoja tu, lakini magoli yake ndiyo yaliyotupandisha. Sasa timu ya Dar imemchukua. Mwenyekiti anataka jezi yake namba 10 istaafishwe, asiivae mtu tena, itundikwe ofisini. Wazee wamechukia, wanasema kuna watu wamecheza hapa miaka 10 na hawakuagwa hata kwa soda. Mwenyekiti anawajibu kwamba Birmingham City ya Uingereza ilistaafisha jezi ya Jude Bellingham baada ya mechi 44, na leo kijana yuko Real Madrid, kwa hiyo waliona mbali. Kikao ni Jumapili. Nani yuko sahihi? (Ofisi yenyewe ni chumba cha mbele cha mwenyekiti.)*
— Katibu, Muheza

Marahaba, katibu. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote nimecheka pale kwenye mabano. Chumba cha mwenyekiti nitakirudia. Kwanza nikuulize swali la mtunza vifaa: seti yenu ina jezi ngapi?

Mimi nimebeba begi la jezi miaka 19 hapa Tanga mjini, kwenye timu ambayo siitaji, maana baadhi ya viongozi wa enzi zile bado tunasalimiana msikitini. Zetu zilikuwa 16. Nilizifua mwenyewe kwa sabuni ya mche, nikazianika nimezigeuza ndani nje ili jua lisile namba. Msimu mmoja tukapata winga wa kushoto, mwanafunzi aliyekuja likizo kwa mjomba wake. Alicheza mechi nane. Nane tu, lakini watu wa Ngamiani wanazisimulia mpaka leo. Alipochukuliwa na timu ya kiwanda kimoja, uongozi ukapika pilau, mwenyekiti akasimama, akamkabidhi jezi namba 11 na kutangaza kuwa haitavaliwa tena milele. Vigelegele. Mimi nilikuwa nyuma kule kwenye masufuria napiga hesabu: 16 toa moja.

Jumamosi yake tukawa na mechi. Winga mpya nikampa jezi ya akiba isiyo na namba, nikakata plasta nyeupe ya hospitali vipande viwili virefu, nikambandika mgongoni, moja na moja, 11 hiyo. Dakika ya 20 mvua ikashuka. Plasta ya kulia ikaanza kujikunja kutoka juu, ikaning'inia kidogo, ikadondoka topeni. Mwamuzi akapuliza filimbi. Akamtazama winga, akageuka akamtazama golikipa wetu, akaniuliza mimi pale kwenye mstari: "Nyie mna namba 1 wangapi?" Akamtoa nje mpaka apate jezi yenye namba. Nikahangaika na uzi na sindano chini ya mwembe, na kabla sijamaliza tukafungwa bao, upande ule ule wa kushoto ulio wazi.

Beki wetu wa kulia, mtengeneza baiskeli, alikuwa amevaa namba 2 kwa miaka 11. Siku ile alikuja mpaka mstarini, akaiokota ile plasta kwenye tope, akanipa mkononi. Hakusema kitu. Aibu niliyoiona siku ile ni yangu peke yangu, waliokula pilau hawakuwepo.

Kwa hiyo mimi hakimu asiye na upande usinidhanie. Lakini mwenyekiti wako tumtendee haki, maana habari ya Birmingham ni ya kweli na ina uzito kuliko anavyoieleza.

Bellingham alianza kuichezea timu ya wakubwa tarehe 6 Agosti 2019, dhidi ya Portsmouth, akiwa na miaka 16 na siku 38. Akavunja rekodi ya mchezaji kijana kuliko wote wa klabu hiyo, iliyokuwa ya mshambuliaji Trevor Francis tangu 1970. Mwisho wa mwezi ule ule akawafunga Stoke City. Akamaliza msimu ana mechi 44 na mabao 4, akauzwa Borussia Dortmund ya Ujerumani kwa pauni zinazotajwa kuwa milioni 25 za kuanzia. Na klabu ikatangaza kwamba namba 22 haitavaliwa tena.

Watu walicheka sana wakati ule. Mabao manne! Ila wazee wako wakisema "mechi 44 tu" waambie wahesabu vizuri, maana yule mtoto aliingia kwenye akademi ya Birmingham hajafika hata miaka minane. Miaka zaidi ya nusu ya umri wake alikuwa anavaa rangi ya buluu ile. Kijana wenu je? Amelelewa hapo Muheza tangu chandimu, au alikuja Januari na begi?

La pili, tazama klabu ilikuwa kwenye hali gani. Machi 2019 ilikatwa pointi 9 kwa kuvunja kanuni za fedha. Msimu wa Bellingham ikamaliza ya 20, pua juu ya maji. Pesa ya mtoto yule ilikuwa dawa. Na hapo ndipo mimi pua yangu inaanza kuwasha, katibu. Heshima inayotangazwa wiki ile ile ya mauzo, hata kama imetoka moyoni, inanuka risiti.

La tatu sijamsikia mtu akilisema. Ulikuwa mwaka wa korona. Ligi ilisimama Machi 2020, ikarudi Juni viwanja vikiwa vitupu. Mechi ya mwisho dhidi ya Derby County walifungwa nyumbani, St Andrew's, na jukwaani hapakuwa na mtu wa kumpungia mkono. Mtoto waliyemwona tangu ana meno ya utoto akaondoka kimya kimya kama anatoka kwenye msiba. Sasa watu kama hao utawalaumuje wakitafuta namna ya kuaga? Nikilifikiria hilo hasira yangu inapungua nusu.

Nusu tu. Kwa sababu mwenyekiti anaposema "leo yuko Madrid, waliona mbali", amechanganya mambo. Ya Madrid ni ya Madrid. Birmingham haikuweza kumpa heshima kwa mabao ambayo hajayafunga, tena kwa timu nyingine. Je, angeumia goti Dortmund mwezi wa pili, jezi ingeshushwa?

Wazee nao nina neno nao. Wanadhani kustaafisha jezi ni kiinua mgongo, ukitimiza miaka unalipwa. Si hivyo. Manchester City walistaafisha namba 23 ya Marc-Vivien Foé, Mkameruni, ambaye alikuwa pale kwa mkopo tu kutoka Lyon, msimu mmoja wa 2002/03. Alifunga mabao 9, na bao la mwisho la City kwenye uwanja wao wa zamani wa Maine Road ni lake. Tarehe 26 Juni 2003 akaanguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, Kameruni ikicheza na Colombia, akafariki. Alikuwa na miaka 28. Kuna mtu angesimama kuuliza alicheza mechi ngapi? (Bellingham alizaliwa siku tatu baadaye, tarehe 29. Sina la kuongeza hapo, niliona tu kwenye tarehe.)

Tofauti ya hawa wawili ni kwamba hesabu ya Foé ilikuwa imefungwa. Bellingham alikuwa na miaka 17, daftari lake ndiyo kwanza limeandikwa ukurasa wa kwanza.

Wamarekani na ule mpira wao wa kushika mikononi wana kisa ninachokipenda. Denver Broncos walikuwa wameifungia namba 18 kwa ajili ya Frank Tripucka, mrusha mpira wao wa kwanza kabisa, aliyeanza nao 1960. Mwaka 2012 akaja Peyton Manning, mrusha mpira pia, ambaye 18 ndiyo namba yake miaka yote aliyokuwa kwenye ligi hiyo. Mzee Tripucka akasema mwacheni aivae. Manning akacheza misimu minne tu pale. Mwaka 2013 akaweka rekodi ya ligi, pasi 55 za mabao kwa msimu, na Februari 2016 akaondoka na ubingwa. Naye Denver wamemweka kwenye ukuta wao wa heshima, lakini lini? 2021. Miaka mitano baada ya kutundika viatu. Misimu minne ilitosha kabisa. Walisubiri ipoe, basi.

Tena mwambie mwenyekiti wako jambo moja ambalo nadhani halijui. Real Madrid, pamoja na vikombe vyote vile, hawastaafishi namba. Ligi ya Hispania inataka wachezaji wa timu ya kwanza wavae 1 mpaka 25, hakuna nafasi ya kufungia jezi kabatini. Bellingham alipofika 2023 akachukua namba 5, akasema ni kwa heshima ya Zidane, aliyeivaa pale zamani. Kati ya Zidane na yeye imepita migongo mingi, Cannavaro mmoja wao, Varane mwingine. Jezi ya Zidane ingestaafishwa, mtoto wa Birmingham angevaa nini?

Na hao wazee wa Birmingham wenyewe walioachwa? Golikipa Gil Merrick alicheza mechi zaidi ya 500, wakaliita jukwaa moja kwa jina lake. Trevor Francis alifunga mabao 133 kabla ya kuuzwa 1979, Mwingereza wa kwanza wa pauni milioni moja. Wakati wa watu hawa namba haikuwa ya mtu, ilikuwa ya nafasi. Beki wa kulia ni 2, awe nani awe nani, na wiki ijayo ukiwa benchi anaivaa mwenzako. Ligi Kuu ya Uingereza ilianza kumpa mchezaji namba yake ya msimu mzima 1993. Ungeistaafisha 2 ya zamani, ungestaafisha beki wa kulia.

Mmoja wao alikuwa Jeff Hall, beki wa kulia, mchezaji wa timu ya taifa. Aprili 1959 alikufa kwa polio akiwa na miaka 29, wiki mbili tu baada ya kucheza mechi. Vijana wa Uingereza waliokuwa wanakwepa chanjo wakaanza kupanga foleni. Klabu ikamwekea saa ya ukumbusho uwanjani. Saa, katibu. Kila anayetaka kujua zimebaki dakika ngapi anamtazama Hall.

Sasa Jumapili. Ningekuwa mimi ningesema hivi. Namba 10 ibaki kwenye begi na ivaliwe wiki ijayo. Kijana apewe jezi aondoke nayo, lakini kwanza anunuliwe mwenzake, yenye namba ileile, na ifike mkononi mwa mtunza vifaa kabla ya pilau. Muite mdogo yeyote wa akademi yenu atakayeivaa, yule anayeondoka amvalishe mwenyewe mbele ya watu. Hiyo picha ndiyo mtundike. Suala la kustaafisha liandikwe kwenye muhtasari kwamba litajadiliwa siku kijana atakapoacha mpira. Kama bado mnamkumbuka siku hiyo, kumbe alistahili.

Na isitundikwe chumbani kwa mwenyekiti. Uchaguzi ukifika mtaidai kwa mahakama.

Kitu cha kufungia kabatini kipo, lakini ni karatasi. Fomu za usajili wake, tarehe ya kuingia na ya kutoka, nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa nje ya nchi kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo inagawanywa kwa timu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Msimu mmoja wa umri wake ni asilimia 0.5. Mnaiona ndogo, lakini akija kuuzwa kwa dola 200,000 tu, hiyo ni dola 1,000, seti mpya yenye namba zilizoshonwa na mabadiliko yanabaki. Timu ngapi zimekosa kwa sababu daftari liliachwa kwenye mvua, nisikuambie.

Umeniuliza nani yuko sahihi na nimekuzungusha Ulaya nzima. Wazee wanadai haki yao kwa jezi ya mtoto, na hapo wanamwonea. Kama kuna mtu wa miaka 10 hajaagwa, aagwe Jumapili hiyo hiyo, pilau ni moja.

Seti yetu ile ya 16 ilipochakaa, uongozi uliniagiza nikabidhi zote kwa maandishi. Nikaandika jezi 12 zimepokelewa, mbili zimechanika, namba 2 imepotea. Ilikuwa imepotea kwangu chini ya godoro, siku nne, mpaka nilipompelekea mwenyewe kwenye banda lake la baiskeli. Anaivaa akiziba pancha. Namba imebaki kivuli cha mraba mgongoni na madoa ya grisi, na mwezi uliopita alinituma nimtafutie uzi wa kijani wa kushonea kwapa.