Kwa Mnaoleta Viumbe Vyenu Vikosolewe

Wadogo zangu mnaochora viumbe vya kubuni kwa tableti, nawapenda, lakini mmenichosha. Kila mara naona joka limekamilika mpaka magamba ya kope, mwenyewe anaomba maoni, anajibiwa "moto sana!" na watu wanaondoka. Hajasaidiwa.

1. Leta kazi ikiwa mbichi: umbo jeusi tupu, bila ngozi wala mwanga. Kiumbe kisichotambulika hapo, brashi ya magamba haitakiokoa.

2. Uliza swali. "Uzito umekaa miguuni?" linajibika. "Mnaonaje?" ni kuomba sifa.

3. Unayekosoa, taja kiungo. Juzi kijana mmoja alileta mnyama mwenye mwili wa fisi na mabawa ya popo, rangi tamu kabisa. Wa kwanza akamwambia kuna kitu hakijakaa. Wa pili akasema aongeze ukali. Basi akaongeza meno, akaongeza damu, akaongeza ukungu, na kila akirudi picha imeharibika zaidi, mpaka sauti ikaanza kumtetemeka. Meno hayakuwa na shida yoyote. Bawa la popo ni mkono: ngozi iliyotandwa juu ya vidole virefu, na mkono huo huanzia begani, ukivutwa chini na misuli ya kifua. Yeye aliyabandika mabawa katikati ya mgongo, na kifua akakiacha chembamba kama cha swala. Tena fisi miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, ndiyo maana mgongo unateremka. Wake ulikuwa unapanda. Tulifungua leya mpya, yaani tabaka tupu juu ya picha, tukachora juu kwa mistari myekundu, mabega yakasogea, kifua kikajaa. Yale meno aliyaondoa mwenyewe bila kuambiwa.

Kinachoniuma ni kwamba wenzake waliliona kosa lile tangu mwanzo. Walinyamaza wasimkwaze, wakamwacha apoteze usiku mzima. Jamani, mwenzako anakuamini ndiyo maana amekufungulia kazi yake. Mwambie. (Na omba ruhusa kabla ya kuchora juu ya kazi ya mtu.)

4. Geuza picha kulia kuwa kushoto, kisha iondoe rangi. Fanya hivyo kabla hujamsumbua mtu.

5. Tokeni nje! Mnanakili picha za intaneti na tunaishi Nairobi. Pale Makumbusho kuna mfano wa Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta hadi alipokufa 1974. Simama chini ya pembe zile ndipo uchore shingo ya kubeba mzigo kama ule. Ndovu husimama kwa vidole, nyuma ya vidole kuna mafuta laini kama mto wa kulalia, nanyi mnamchorea nyayo bapa kama sufuria. Bustani ya Nyoka iko hapo hapo. Na wale ndege marabou wa karibu na Uwanja wa Nyayo, wenye mfuko unaoning'inia kooni: ni mazimwi tayari.

6. Ukikosolewa, andika kwanza, usijitetee. "Ni cha kubuni" si jibu. Kiumbe chako kimesimama ardhini na kina uzito. Wawili wakigusa sehemu ileile, hata kama dawa zao hazifanani, sehemu hiyo ina ugonjwa.

Ukishatengeneza, rudi umwoneshe aliyekukosoa. Wengi hamrudi, nasi tunabaki hatujui kama tulikusaidia au tulikupoteza.