Mgeni mtaani, na mafuriko yameingia

Dada, umeeleza kuwa umehamia Mwanakwerekwe, Unguja, kutoka Wete, Pemba, masika imeingiza maji majumbani, majirani wanahangaika na wewe unajiona mtazamaji tu. Utaingiaje?

Ingia kwa jikoni. Nyumba iliyosalimika ndiyo inayowapikia wengine. Chukua mbuzi yako ya kukunia nazi, piga hodi, useme, "Nimekuja kukuna." Usiulize kama wanahitaji msaada, maana watakujibu hawana shida hata godoro likiwa linaelea. Ukishakaa na kina mama pale ndipo utajua nani ana mzazi asiyeweza kutembea, mtoto wa nani ana homa, na nani hajatajwa kabisa. Huyo asiyetajwa mfuate kwanza. Mara nyingi ni mpangaji kama wewe.

Kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani, nenda leo, ujulikane. Misaada ikipitia shehia, asiyejulikana hupitwa.

Jengine, na hili sisi Wapemba linatushinda: kubali kusaidiwa. Jirani akikuletea mkeka, au akitaka kukuangalizia watoto, pokea. Anayetoa tu kila siku huonekana mfadhili, na mfadhili haitwi shoga, yaani rafiki wa karibu.

Maji yakipungua kazi ndiyo inaanza: kuzoa tope, kusafisha vyoo na visima, kuchemsha maji ya kunywa kwa kuogopa kipindupindu. Hapo wengi hutawanyika. Wewe baki na fagio lako. Kisha ulizia upatu wa mtaani, uingie hata kwa fungu dogo.