Kusi ikikukuta nje ya mlango wa Lamu

Kila mwaka Juni ikiingia, msimu wa Kusi, ule upepo wa kusini, hunijia vijana wawili watatu waliopata kazi kwenye yoti. Wengine wamekulia Shela au Matondoni na mashua wanazijua tangu utotoni. Wengine wametoka bara na wanachojua ni kuogelea. Swali lao la kwanza huwa moja: "Mjomba, upepo ukizidi nikimbilie wapi?"

Somo langu huanzia kwenye neno hilo, kukimbilia. Yoti ya futi 30 au 35 iliyofungwa sawasawa, ikiwa kwenye kina kirefu, huvumilia upepo na mawimbi kuliko mtu aliye ndani yake. Mashua zetu husimama kwa farumi, uzito wa kutuliza chombo, ya magunia ya mchanga na kwa watu wanaokaa kwenye ubao nje upande wa juu. Zikijaa maji, farumi ileile huzizamisha. Yoti imebeba uzito wake chini kabisa, kwenye mkuku, uti wa chini wa chombo, nao hauhami. Ikilazwa na wimbi huinuka yenyewe. Kinachoivunja ni nchi kavu: mwamba, fungu, na milango ya kuingilia bandarini. Wewe unapoogopa, macho yako yanatafuta taa za nyumbani. Ninakuomba ujizoeze kuyageuza yatazame bahari kuu.

Mlango wetu, kati ya Shela na Ras Kitau iliyo ng'ambo, kisiwani Manda, umeelekea kusini mashariki, kule kule inakotoka Kusi. Maji yakiwa yanajaa, upepo na mkondo huenda njia moja na mawimbi huwa marefu yenye mgongo laini. Maji yakianza kutoka, mkondo unasukumana na mawimbi yanayoingia. Mawimbi hufupika, husimama wima, kisha huvunjika katikati ya njia. Upepo ni uleule na mahali ni palepale, lakini baada ya saa mbili tu bahari imekuwa nyingine.

Haya nimeyajua kwa gharama. Ilikuwa Julai, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na nahodha wa yoti ile nilikuwa mimi. Tulitoka Malindi alfajiri, tukiwa tumechelewa, tukafika mbele ya mlango saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Taa za Shela zilikuwa zimeanza kuwaka. Maji yalikuwa yameshajaa tangu saa kumi na nusu na sasa yalikuwa yanatoka. Nilijua hayo yote, lakini giza lilinitia haraka, nikaelekeza omo, mbele ya chombo, ndani.

Mawimbi mawili yalitupitisha. La tatu liliinua tezi, upande wa nyuma, yoti ikaanza kuteleza mbele yake kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona. Kana, mpini wa usukani, ikawa nyepesi mkononi mwangu, nyepesi kabisa, kama kijiti kisichoshikana na kitu. Likumbuke jambo hilo: kana ikiwa nyepesi ghafla, usukani haushiki maji tena, na muda wako wa kuamua umeshapita. Chombo kikageuka ubavu, tanga likalala majini. Mlango wa chumba cha chini ulikuwa wazi kwa sababu mwenzangu alikuwa anapanda kuja kunisaidia. Maji yakaingia, naye akatupwa juu ya ngazi akavunjika mkono. Wimbi la nne lilikuwa dogo. Kama lingekuwa kama lile la tatu, nisingekuwa naandika haya.

Kesho yake mzee mmoja, nahodha wa jahazi tangu ujana wake, aliniita nikae naye barazani.

"Mwanangu, ulikuwa na haraka ya nini?"

"Giza lilikuwa linaingia, baba."

"Giza lingeondoka asubuhi. Huo mkono wa mwenzio utapona lini?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo safari naianzia mwishoni: kwanza nauliza nitafika mlangoni maji yakiwaje, ndipo nahesabu kurudi nyuma nijue saa ya kuondoka.

Fanya hesabu hiyo pamoja nami. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pwani yetu maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kwa dakika hamsini hivi. Kati ya kujaa na kupwa tofauti hufika mita 3 na zaidi, na maji yote hayo lazima yapite mlangoni. Kwa hiyo jioni ya bamvua, wakati kila mtu anatamani kufika nyumbani, ndio wakati maji yanatoka kwa nguvu. Unataka kufika saa nane au saa tisa alasiri. Malindi hadi Lamu ni maili 70 na ushei za bahari. Yoti ndogo ikienda maili tano kwa saa inahitaji saa kumi na nne au kumi na tano. Basi ondoka Malindi usiku wa manane, wala si alfajiri. Wakati wa Kusi mkondo wa pwani unakwenda kaskazini na utakusaidia, lakini huo uchukulie kama akiba. Ukifika mapema utasubiri nje, ukichelewa utajaribiwa kama nilivyojaribiwa mimi. Njiani pitia mbali na Ghuba ya Ungwana. Maji ya ghuba hiyo si marefu, na mbele ya Kipini, Mto Tana unapomwaga, mawimbi huvunjika mbali na nchi.

Kuhusu tanga. Baharia wa mashua upepo ukizidi hubadili, hushusha tanga kubwa akatweka dogo. Kwenye yoti unalipunguza lilelile kwa kulishusha kiasi na kulifunga chini. Lifanye mapema. Upepo wa noti 20, yaani maili 20 za bahari kwa saa, haukusukumi mara mbili ya upepo wa noti 10, unakusukuma mara nne. Idara ya hali ya hewa inapotoa onyo la upepo unaozidi noti 25, yaani kilomita 46 kwa saa, mimi hupunguza tanga nikiwa bado nimetia nanga, nikaondoka hivyo.

Wengi hudanganyika wanapokwenda Lamu na Kusi mgongoni. Upepo ni noti 25, wewe unakwenda sita mbele yake, kwa hiyo usoni unahisi 19 tu. Chombo kimetulia, jua linawaka, kila mtu anafurahi. Siku utakayolazimika kugeuka upande wa joshi, kule upepo unakotoka, zile sita zitajumlishwa na utapigwa na 30 hivi. Ukijiuliza kama wakati wa kupunguza umefika, ujue umeshapita kidogo. Na upepo ukiwa mgongoni, funga kamba ya kuzuia bumu, ule mti wa chini wa tanga, isiruke upande wa pili. Inapita kwenye usawa wa kichwa cha mtu.

Injini usiitegemee hadi uijue. Mashine ikikaa tuli miezi, taka hutulia chini ya tangi la dizeli. Siku ya mawimbi taka zile huvurugika, huziba chujio, na mashine huzima palepale unapoihitaji, mlangoni. Kamba hukatikia pembamba. Badilisha chujio kabla ya msimu, beba mbili za ziada, na ujifunze kuibadilisha gizani ukiwa umepiga magoti.

Mengine ni mepesi. Vaa jaketi la kujiokoa na ujifunge kwa kamba kabla hujatoka chumbani, si baada ya hapo. Pika kabla ya safari: mahamri, tende, uji ndani ya chupa ya chai. Redio iwe kwenye chaneli 16 wakati wote. Kituo cha kuratibu uokoaji baharini kiko Mombasa. Kichefuchefu si aibu, mpe mgonjwa maji na umlaze chini katikati ya chombo.

Narudi mlangoni, kwani ndiko roho yangu iliko. Miaka kadhaa baada ya ajali ile nilichelewa tena, kamba ya tanga la mbele ilitukatikia karibu na Ras Ngomeni. Tulifika jioni, bamvua, maji yanatoka, taa za Shela zilezile. Mwenye yoti alikuwa amechoka na akaniomba tuingie. Nilimwambia hapana, nikageuza omo mashariki.

Usidhani kusubiri ni kukaa mahali pamoja. Kusi inakusukuma kwenye nchi usiku kucha, na mkondo unakupeleka kaskazini. Tulibakisha kipande kidogo cha tanga kubwa na kipande kidogo zaidi cha tanga la mbele, tukapanda taratibu kuelekea bahari kuu hadi taa zikapotea. Kisha tukapindua tukashika kusini, tukarudisha kile ambacho mkondo ulikuwa umetuchukulia. Zamu za saa mbili mbili. Mawimbi yalikuwa makubwa lakini yalikuwa marefu, na yoti ilipanda na kushuka kama bata. Yule mwenye yoti alipata usingizi.

Alfajiri tuliuona mwambao, lakini maji yalikuwa yameshaanza kutoka tena. Tukanywa uji, tukaendelea kusubiri. Karibu na saa tano asubuhi maji yakageuka. Hatukuingia papo hapo, tulisogea na kuutazama mlango kwa darubini: kwanza povu lilikuwa limetanda njia nzima, baadaye likabaki kwenye mafungu ya pembeni tu. Saa saba mchana jua lilikuwa juu na rangi ya maji ilionyesha wazi palipo na kina. Tukafunga mlango wa chumba, tukawasha mashine, mtu mmoja akasimama nyuma kutazama mawimbi tu, nasi tukaingia.