Viputo vya kubeba dawa na akili mnemba: vimefika wapi kweli?

Mkuu, umeuliza kama mama yako asubiri kwanza kuanza kemo (dawa za kuua kansa) kwa kuwa umesoma kwamba akili mnemba sasa inapeleka dawa kwenye uvimbe kwa viputo. Asisubiri.

Mimi ni mpiga ultrasaundi, niko Uingereza. Viputo hivyo tunawachoma wagonjwa kazini, ila kwa ajili ya picha tu. Tunatumia SonoVue: unga unaotiwa maji ya chumvi, ukiutikisa unakuwa mweupe kama maziwa. Kila kiputo ni gesi iliyofunikwa ganda jembamba la mafuta, wastani wa maikroni 2.5 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati chembe nyekundu ya damu ina 7 hivi. Ndiyo maana kinapita hata kwenye vishipa vyembamba. Mawimbi ya sauti ya ultrasaundi yakikipiga kinatanuka na kunywea, na ini lililokuwa kijivu kwenye skrini linawaka. Gesi inatoka kwa pumzi baada ya dakika chache. Mgonjwa tunamweka nusu saa tuone kama ana mzio, kisha huyo, nyumbani.

Dawa je? Mawimbi yakielekezwa sehemu moja kwa nguvu inayofaa, mtikisiko ule unalegeza ukuta wa mshipa kwa muda. Faida kubwa iko kwenye ubongo, maana mishipa ya huko imebana na dawa nyingi za kansa hazipenyi. Mtafiti Kullervo Hynynen na wenzake walilionyesha hilo kwa sungura mwaka 2001. Mwaka 2015 hospitali ya Sunnybrook, Toronto, Kanada, ikamfanyia mgonjwa mwenye uvimbe wa ubongo. Ila dawa yenyewe ilipitia kwenye damu kama kawaida. Viputo vilifungua njia tu.

Kinachosumbua ni kipimo cha nguvu ya mawimbi. Ikiwa ndogo, njia haifunguki. Ikizidi, viputo vinapasuka kwa kishindo na mshipa unaweza kuvuja damu. Halafu unene wa fuvu hutofautiana mtu na mtu. Kwa hiyo mashine inasikiliza mlio wa viputo na kurekebisha nguvu papo hapo, na hapa ndipo watafiti wanapoitaka akili mnemba: isome mlio huo haraka na itabiri fuvu litapindisha mawimbi vipi.

Zile video za viroboti, yaani roboti ndogo sana za kubeba dawa mwilini, ni za maabara. Chuo cha Caltech, Marekani, mwaka 2024, walitengeneza vyenye kiputo ndani, wakavijaribu kwenye uvimbe wa kibofu, tena vikiongozwa kwa sumaku. Wagonjwa wao walikuwa panya, mkuu.

Mama aanze tarehe aliyopangiwa. Kama uvimbe uko ubongoni, muulize daktari wake kuhusu tafiti zinazopokea wagonjwa, huku kemo ikiendelea.