Mbwa wa mgeni alitafuna mto wa kochi. Nizuie amana yote?

SWALI: Shikamoo mama. Nina nyumba ya vyumba viwili Mikindani, naikodisha kwa wageni wa mapumziko. Mwezi uliopita ilikuja familia kutoka Dar es Salaam na mbwa ambaye hawakunitajia. Alitafuna mto wa kochi na kukojolea mkeka. Nimezuia amana yao yote, 150,000. Baba wa familia anapiga simu kila siku. Dada anayenifanyia usafi naye amekasirika. Je, nianze kutoza ada ya wanyama? Na nikijiunga na Airbnb, ule mtandao wa kukodisha nyumba kwa wageni, amana itakuwaje?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo 150,000 si yako. Neno lenyewe linakwambia: ni amana, mali ya mtu iliyo mkononi mwako. Unachoruhusiwa kugusa ni kiasi cha hasara unayoweza kuionyesha.

Nenda kwa fundi wa makochi, akuandikie bei ya sponji, kitambaa na ufundi wa mto ule mmoja. Tuseme ni 38,000. Mkeka, kama una miaka minne, usimdai mgeni bei ya mpya, 10,000 inatosha. Jumla 48,000. Mrudishie 102,000 leo hii, na makato ya kutuma ubebe wewe. Mtumie na picha ya mto pamoja na karatasi ya fundi.

Nakusukuma hivi kwa sababu nimewahi kukosea. Mwaka wangu wa kwanza wa kukodisha vyumba hapa Lindi nilizuia 50,000 za mama mmoja kwa doa la shuka. Shuka lilipofuliwa mara ya pili, doa likatoka, na pesa nilishakula. Ilinichukua wiki mbili kuzipata tena, na yule mama hakurudi kwangu. Tangu hapo amana nazitenga kwenye laini ya simu isiyotumika kwa jambo jingine. Mgeni akifika tunazunguka naye vyumbani, tunapiga picha pamoja kabla sijampa funguo.

Ada ya mnyama ni kitu kingine kabisa. Hairudishwi, kwani inalipia kazi: manyoya kwenye makochi, harufu, mikeka ya kuanika. Ila usimtoze huyu. Hukumwambia chochote kuhusu wanyama kabla hajaja, na ada inayozaliwa baada ya safari ni uonevu. Kwa wajao, iandike kwenye ujumbe wa kwanza kabisa: kwa mfano 20,000 kwa safari nzima, na kwamba kikiharibika kitu, hasara bado itakatwa kwenye amana.

Lakini kabla ya kupanga bei, kaa na huyo dada. Wengi wetu pwani hii tunafuata madhehebu ya Shafii, na chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hasira yake ina msingi, na hiyo ni kazi ya ziada mikononi mwake. Mimi nusu ya ada humpa anayesafisha. Akisema mbwa hawezi, basi pokea paka tu, au usipokee mnyama yeyote. Nyumba ni yako. Mkikubaliana kupokea mbwa, aje na bakuli lake, alale barazani, jikoni asiingie.

Airbnb kwa kawaida haikuruhusu kukusanya amana mwenyewe pembeni. Mgeni akiharibu, unapeleka madai kupitia kwao ndani ya siku 14 tangu aondoke, na picha na risiti zako. Ada ya mnyama unaiweka kwenye tangazo, mgeni anaiona kabla ya kulipa. Mbwa anayemwongoza asiyeona hatozwi ada hiyo, na hata kwa wageni wako wa simu ningefanya vivyo hivyo.

Ukishatuma ile 102,000, mpigie huyo baba, usimwandikie. Mwambie umechelewa na umwombe radhi kwa kuchelewa huko. Kuhusu mto usiombe radhi.