Wasomaji Wanauliza: Kwa Nini Senti za Kale za Shaba Hazisuguliwi?

SWALI: Ndugu Mhariri, hivi karibuni nilifuatana na jirani yangu, mzee mstaafu, kwenda kwenye maonyesho ya sarafu hapa Pennsylvania tunakoishi. Nilishangaa kuona watu wakipita meza za dhahabu na fedha bila kusimama, kisha wakijipanga mbele ya kisanduku kimoja cha senti kubwa za shaba za Marekani, za kuanzia mwaka 1793. Nyingi zilikuwa za rangi ya kahawia, nyingine nyeusi kama chungu, na moja maandishi yake yalikaribia kufutika, lakini mwenyewe alizishika kama ashikaye yai. Mzee aliniambia kwamba mojawapo ilikuwa na bei ya nyumba. Je, zina nini senti hizo, na kwa nini mwenyewe hazing'arishi? Nauliza kwa sababu marehemu bibi yangu wa Tanga aliniachia pesa tano za shaba zenye picha ya mizani, nami nilikusudia kuzisugua kwa ndimu na jivu kabla ya kuwaonyesha watoto.
Msomaji wenu, Lancaster, Marekani

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya yote, tafadhali weka ndimu hiyo kando.

Senti ulizoziona ni miongoni mwa sarafu za kwanza kabisa kupigwa na kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani, kilichokuwa Philadelphia, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka hapo ulipo. Shaba ilikuwa adimu wakati huo, hata kiwanda kikanunua vyombo vikuukuu vya shaba ili kiviyeyushe. Senti ya kwanza, iliyotoka mwezi Machi 1793, ilikuwa na uzito wa takriban gramu 13.5. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha mwanamke mwenye nywele zilizotimka, ambaye ni mfano wa Uhuru, na upande wa pili mnyororo wa pete 15, pete moja kwa kila jimbo la wakati huo. Nia ilikuwa kuonyesha umoja, lakini magazeti yalilalamika kwamba mnyororo ni ishara mbaya kwa nchi inayojisifu kwa uhuru. Na mimi naona walalamikaji walikuwa na haki, kwa kuwa katika nchi hiyohiyo maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa bado watumwa. Baada ya senti elfu 36 na ushei, mnyororo uliondolewa na badala yake likawekwa shada la majani, na kabla mwaka haujaisha sura ikabadilishwa tena. Ndiyo maana mkusanyaji anayeutaka mwaka 1793 peke yake hana budi kutafuta sarafu za sura tatu.

Lakini uadimu peke yake hauwafanyi watu wainamie kisanduku kwa lenzi saa nzima. Kinachowavuta ni mkono wa fundi. Chapa za chuma, yaani zile zilizogongwa juu ya shaba ili ziiachie sura, zilichongwa kwa mkono, zikapasuka upesi, zikachongwa nyingine, na hakuna mbili zilizolingana kabisa. Kwenye chapa mojawapo ya mnyororo, fundi hakuandika neno AMERICA likatimia, bali aliishia AMERI na kuweka nukta. Iko senti ya mwaka 1794 ambayo, ukiigeuza na kuisogeza kwenye mwanga, utaona nyota ndogo mno 94 zimepangwa katikati ya vijino vya ukingoni, na mpaka leo hakuna ajuaye kwa hakika kwa nini ziliwekwa. Nilipoziona mara ya kwanza nilishusha lenzi, nikapangusa jicho, nikatazama tena. William Sheldon, aliyezichunguza senti hizi na kuzipa namba kwa kufuata chapa, ndiye aliyetunga mwaka 1949 kipimo cha hali ya sarafu cha kuanzia 1 hadi 70, ambacho sasa hutumika hata kwa sarafu za dhahabu.

Sasa tuje kwenye kusugua. Shaba ikitoka kiwandani huwa nyekundu, kisha hewa na unyevu huifanya kahawia polepole. Rangi hiyo ni ngozi ya sarafu, na imeshikamana na mistari myembamba ya mchongo. Asidi ya ndimu huila ngozi hiyo, jivu huacha mikwaruzo, na kinachobaki ni mng'ao wa waridi usio wa asili, ambao mnunuzi mzoefu huutambua akiwa hatua mbili mbali na meza. Ngozi ya kwanza hairudishiki tena. Jasho la vidole nalo huacha madoa, na ndiyo sababu mwenye kisanduku alizishika ukingoni tu.

Pesa za bibi yako zinastahili heshima hiyohiyo. Ikiwa zina neno MOMBASA kwa herufi za Kilatini, ni za Imperial British East Africa Company, kampuni ya biashara ya Waingereza, za mwaka 1888. Ikiwa maandishi yote ni ya Kiarabu, yamkini ni za Unguja, zenye jina la Sultani Barghash bin Said; tafuta tarakimu za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882 hivi, au 1304. Usizitie kwenye mifuko ya plastiki laini, kwa sababu baadhi yake hutoa kemikali zinazozusha kutu ya kijani. Kila moja ifunge peke yake katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi, uziweke pakavu. Watoto watakapotaka kuziona, tandika kitambaa mezani, wanawe mikono na kuikausha, kisha uwape lenzi.